Kugema

Jumanne, ukungu bado umelalia mabati ya Kilolo,
baba mdogo Fidelisi akaketi kwenye kiti cha maabara yangu,
akakunja mkono wa koti lile lile la harusi ya Mafinga.
Kamwene, akasema. Kamwene, nikaitika,
kana kwamba tumekutana kisimani.

Mkono wake ni mkono wa mgema:
kovu gumbani, kovu kiganjani,
kazi ya kisu cha alfajiri na kisu cha jioni
kinachoparua ncha ya mwanzi mchanga, utando kwa utando,
ili usisahau kudondoka.
Nikafunga mpira, nikapapasa mshipa.
Leo mwanzi ni wewe, nikamwambia.
Akacheka, na jana yote ikatoka ndani ya kicheko.

Mililita tano.
Mashine ikazunguka, ikavuma kama mzinga, ikanyamaza.
Nilitegemea rangi ya asali changa,
majimaji ambayo ukiweka gazeti nyuma yake
unasoma bei ya mahindi.
Nikatoa ulanzi.
Weupe mzito, wa siku ya pili,
ule wanaouita mkangafu.
Nikaweka kidole nyuma ya kichupa.
Sikukiona kidole.

Mimi silewi, mwanangu, husema,
na ni kweli, sijawahi kumwona mtaroni.
Hurudi kwa miguu yake, hufunga mbuzi, husali rozari.
Miaka thelathini na moja ini ndilo lililolewa kwa niaba yake,
karani asiye na likizo:
pombe kwanza, mafuta baadaye,
na hiyo baadaye haikufika.
Mafuta yakarundikana mlangoni,
mengine yakadandia damu bila nauli.

Na vimeng'enya?
Hao ni wapishi wa ndani, hawajulikani na mtu.
Ukiwakuta barabarani, mwiko mkononi, masizi usoni,
usiulize kumepikwa nini.
Uliza jiko.
Kwa kawaida hawazidi sitini.
Mashine ikahesabu mia sita na kumi na mbili.
Nikarudia.
Mia sita na tisa.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Huyu alisifiwa hadi njia panda ya Kidabaga
na hakutia maji hata tone.
Maji labda yangemsaidia.

Ini haliumi, nikamwambia.
Lingeuma, kazi yangu ingekuwa rahisi.
Nikamwambia pia hesabu hizi hushuka,
wiki chache bila kugusa mbeta na wapishi huanza kurudi ndani,
weupe huu hupungua kama ukungu wa saa nne,
ilimradi jiko bado lina mafiga.
Kuhusu mafiga sikuwa na kipimo,
nikaandika barua ya kwenda hospitali, Iringa mjini.

Hakuisoma.
Alichukua kichupa, akakiinua dirishani,
akakitikisa kidogo kwa jicho la fundi
kama apimavyo kila mbeta kabla ya kuuza.
Huu umeshachacha, akasema.

Kichupani niliandika: Kihwele, F.
Ukoo wake, na wangu.

Kisha, akifungua mlango, taratibu:
Hivi mvua mwaka huu zinaanza lini?
Koti lake lilikuwa limelowa mabegani
tangu alipoingia.