Zamu ya Bigga

Mhubiri alikuja kwa sleji, siku tatu kutoka kusini,
sauti yake kubwa kuliko chumba.
Kisami hakukijua, hata neno la kuombea maji,
basi kando yake, kofia nyekundu ikimfika nyusi,
alisimama shangazi yangu Bigga, kufasiri.

Yeye, sentensi ndefu ya Kifini.
Bigga, kipande kifupi.
Ndivyo Neno lilivyotufikia, kwa awamu,
limeshapoa kidogo,
kama uji uliopulizwa na mama.

Jounas alikaa mlangoni, viatu vikivuja.
Mwezi ule ziwa lilimmeza mwanawe
pamoja na kulungu arobaini aliokuwa akiwaswaga.
Tangu hapo alikuwa akinywa.

Mhubiri alimwona. Akainuka kwa ncha za vidole.
Nilikuwa na miaka tisa, Kifini nakijua, nikasikia yote:
mlevi, kuni kavu za moto wa milele,
na mkono wa Mungu uliopasua barafu makusudi
ili moyo mgumu nao upasuke.
Ngumi mezani. Vikombe vikaruka.
Akafuta paji, akanyamaza.
Zamu ya Bigga.

Shangazi alitazama dirisha, lililokuwa jeusi.
Akasema: "Jounas, anasema barafu ilikuwa nyembamba.
Anasema hukujua.
Anasema supu ipo, usiondoke."

Jounas akapiga magoti kwenye maji ya viatu vyake.
Chumba kizima kikalia,
na mhubiri, akitetemeka kwa furaha,
akaandika daftarini: Roho ameshuka.

Siku hizi neno hili limekuwa fimbo.
"Usinihubirie," binti yangu huniambia,
nami hunyamaza, kisha huanza upya.
Lakini kuhubiri na habari walinyonya ziwa moja:
mtu ametoka mbali, ana la kusema,
na anayelingoja amelowa miguu.
Mengine yote ni ngumi na vikombe.
Au labda sivyo. Labda bila ngumi ile
Jounas asingeinua uso.

Usiku nilimwuliza, akianika kofia juu ya jiko:
"Shangazi, mbona hukusema alichosema?"
"Yale mengine," akajibu, "sikuyapatia maneno."

Maneno alikuwa nayo.
Asubuhi yake nilimsikia akiyamwaga yote,
kuni, moto, moyo mgumu, bila kusaza,
juu ya mbwa aliyeiba nyama.