Sarafu ya Peso Tano

Ubaoni mwa darasa la sita lilikuwapo bado somo la Ijumaa:
Dola ni watu, ni ardhi, ni serikali, ni mamlaka.
Sikulifuta. Nilibandika juu yake karatasi ya kuhesabia,
nikaanza: kijiti, kijiti, kijiti, kijiti,
na cha tano kikavilalia vingine.

Eusebio Macaraeg, fundi wa pampu: mia mbili kumi na moja.
Lourdes Abaigar, muuza barafu: mia mbili kumi na moja.
Tukarudia. Umeme ukakatika, tukarudia kwa tochi,
mawakala wakinipumulia shingoni.
Vilevile.

Na kura moja pembeni, nimeikandamiza kwa kikombe cha kahawa.
Haina jina. Imeandikwa, kwa herufi za aliyejifunza uzeeni:
*Yule wa daraja.*

Wote wawili waliahidi daraja.

Mwandiko ule naujua.
Hiyo *d* yenye tumbo nyuma badala ya mbele
nilihangaika nayo miezi mitatu, jioni, kwenye dawati hilihili.
Bibi Pacita. Taa yake naiona ng'ambo ya mto.
Ningeweza kumwendea, nimuulize: Yupi?
Lakini kura ni siri
hata kwa aliyekufundisha kushika kalamu.
Na mto ulikuwa umejaa.

Nikagonga muhuri: IMEHARIBIKA.
Sijawahi kugonga kitu kizima namna ile.

Sheria inasema zikilingana, bahati iamue.
Lourdes akachagua kichwa. Eusebio akachukua kilichobaki.
Sarafu ikapanda hadi kwenye feni isiyozunguka,
ikaanguka, ikadunda,
na serikali yetu ya miaka mitatu ikaviringika chini ya kabati.
Sote tukapiga magoti kuitafuta:
wagombea, mawakala, polisi na bunduki yake.
Sijaona tena usawa kama huo.

Kichwa.

Eusebio akampa mkono, akaenda nje kutapika.

Jumatatu nikaibandua karatasi. Somo lilikuwa palepale.
Jomar, yule asiyeuliza kamwe, akauliza:
"Mwalimu, hiyo ya nne, mamlaka, inakaa wapi?"

Nilikuwa na jibu la kitabuni. Lilinikwama.
Nikatazama dirishani.
Bibi Pacita alikuwa anavuka mto,
sketi ameikusanya magotini, ndara kichwani,
mkono mmoja juu, hewani, kutafuta mizani.
Kwa umbali ule kidole sikukiona.
Najua kilikuwa bado na wino.