Daftari la Ahadi

Nimelinunua Barabara ya Nane,
kurasa sitini na nne, jaladani twiga.
Nimepiga mistari kwa ukingo wa kitabu cha nyimbo:
Jina. Ahadi. Kilichofika.
Safu ya tatu nimeifanya nyembamba.
Si kwa kukosa imani.
Nimeishi Tanga, naijua.

Mwaka wa saba huu naingia gerezani
kila Jumanne, kwa miguu yangu, na jioni natoka.
Nabeba sabuni, Agano Jipya,
miwani ya marehemu inayohama jicho hadi jicho,
na barua za nyumbani. Nawasomea wasiojua kusoma,
nikiruka mstari unaosema mke keshaolewa.
Mungu anisamehe,
au labda ndiye anayenirusha.

Sasa dayosisi imeandika: posho imesimama.
"Tafuta marafiki wa huduma," inasema barua,
kana kwamba marafiki ni kuni,
unakwenda Amboni na kamba, unarudi na mzigo.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame.
Nimeinama hadi vifungo vya shati vimeniacha.
Dukani kwa Bwana Sekibaha, kati ya mabati na misumari,
kwa mdomo huu huu uliozoea "amani iwe kwenu"
nilitakiwa kusema: kila mwezi, chochote utakachojaliwa.
Ulimi ukawa mkonge uliosahaulika juani.
Akauliza, "Wameokoka wangapi?"
Nikatazama feni.
Nikasema yuko mmoja ameacha kupiga kelele usiku.
"Hiyo si hesabu, mwinjilisti."
Akaniagizia soda.
Soda nimeiandika.

Veronika Kilua, muuza machungwa, stendi ya Muheza,
hakuuliza wangapi.
Alitandika sarafu juu ya kanga, akatenga elfu mbili,
akavuta mia tano, akaifunga pindoni:
"Hii ya mjukuu. Naye anadaiwa daftari."
Nilitaka kumrudishia zote.
Nilitaka, naapa. Mkono haukufunguka.

Foibe hanisemi.
Unga anaupima kwa kikombe cha chai
badala ya kile cha bati, basi.
Mtoto wa pili akauliza kama wafungwa wanakula wali.
Nikasema, mara chache.
"Kumbe kama sisi!"
Tukacheka wote,
kisha mama yake akatoka kuanua nguo
ambazo bado zilikuwa zinachuruzika.

Leo baiskeli imetoboka karibu na reli.
Fundi aliyeinua kichwa alikuwa Rama,
selo ya nne, miaka miwili na nusu.
Hakusali nasi hata siku moja;
yeye alifuata herufi tu,
a e i o u nyuma ya karatasi za sabuni,
na muda wa swala yake ukifika ananiaga kwa adabu.
Akaziba, akapiga pampu, akaminya tairi kama embe.
Nilipopeleka mkono mfukoni daftari likadondoka.
Akaliokota kwa vidole vya grisi,
akasoma polepole, midomo ikitangulia macho:
ji-na. a-ha-di. ki-li-cho-fi-ka.

"Naomba kalamu."

Akaandika mwenyewe, herufi kubwa kama za mtoto,
zikipanda mlima, zikivuka mistari yangu:
RAMA FUNDI. VIRAKA.
Nikauliza, viraka vingapi?
"Kwani wewe misumari ya mji huu
unaijua idadi yake?"

Usiku Foibe amefunua ukurasa karibu na kibatari.
Kwenye safu ile nyembamba
limebaki dole gumba, jeusi,
limejaa pembe hadi pembe.
"Hii ni shilingi ngapi?"
Sikuwa na jibu, nikauvuta mkeka.

Kodi ya nyumba ni tarehe tano.
Kesho ni Jumanne.
Tairi lina upepo.