Chachu ya Kidabaga

Shangazi Tulalumba alinipa ulanzi kwenye galoni la mafuta ya kula,
akasema, usiufunge sana, utapasuka,
na kweli, getini chuoni kifuniko kiliruka,
mlinzi akanusa, akanitazama kama mlevi wa asubuhi.

Sikuja nao kunywa.
Tone moja tu nililitaka, chini ya hadubini,
na hao hapo, mviringo kando ya mviringo,
kila mmoja na uvimbe mdogo ubavuni
unaokua, unaonenepa, unaojitenga
hadi uwe na maisha yake.
Dakika tisini, wawili. Tisini nyingine, wanne.
Hivyo ndivyo utamu wa mwanzi unavyogeuka ukali
huku sisi tumelala.

Saa tatu na robo nikatia dawa.
Asili yake si mbali: imezaliwa udongoni,
imepikwa na bakteria mnyonge
asiyetaka jirani aongezeke.
Haichomi. Haibomoi ukuta.
Inaingia chumba cha wasusi, inawashika mikono.

Maana ndani ya chachu wamo wasusi,
maelfu, kama wanawake wa milulu kwetu.
Barua inatoka kwenye kiini, herufi kwa herufi,
wao husoma na kusuka, mlulu juu ya mlulu,
na katika vikapu vyote kimo kimoja
kinachosema: sasa, gawanyika.
Hicho hakiwekwi akiba.
Kinasukwa, kinatumwa, kinafumuliwa,
kila mzunguko na chake.
Mikono ikishikwa, barua inabaki wazi
katikati ya sentensi.

Saa nne nikahesabu. Saa tano. Saa sita.
Waliokwisha kuvuka kizingiti walimaliza,
mama na mwana wakaachana salama.
Waliokuwa bado, bado.
Mmoja nilimkariri, kona ya kushoto ya kioo,
chipukizi lake punje ya ulezi.
Saa sita: punje ile ile.
Hakufa. Nilimpa rangi ya buluu, akaikataa,
na aliye hai ndiye hukataa.

Jioni nikampigia shangazi.
Umewaua? akauliza.
Hapana, nikasema, wamesimama.
Akanyamaza. Upande wake nikasikia mvua juu ya bati.
Tangu Februari mkono wake wa kulia haumsikii,
na ukutani, juu ya kitanda, kinaning'inia
kikapu kisicho na mdomo,
milulu yake imekauka imesimama
kama nywele za mtu aliyeshtuka.
"Basi nawajua hao," akasema.
"Mimi nakumbuka kila tundu, mwanangu.
Kukumbuka hakukupungua."

Sikumwambia kilichofuata:
kwamba usiku ule ule niliwaosha.
Mara tatu, maji safi, kisha sukari,
kisha joto la nyuzi thelathini,
wakati nje Gangilonga imejifunika ukungu
na mimi nimevaa sweta mbili.
Saa nzima, kimya.
Sikumwambia kwa sababu mkono si chupa,
na mimi si daktari,
na kuna habari njema
ambazo ukizipeleka kwenye simu zinafika zimeoza.

Daftari langu linasema tu:
saa nne na dakika ishirini usiku.
Yule wa kona sikumpata, walichanganyika kwenye kuoshwa.
Lakini hapa punje imekuwa kunde.
Na hapa. Na hapa.

Chini ya mstari huo kuna doa.
Ni ulanzi wa galoni, ule ambao haukuguswa na dawa.
Nililamba kidole.
Ulikuwa umekwisha kuwa mkali.