Safu ya Maoni

Walinipa daftari, baiskeli yenye kengele isiyolia,
na agizo la sentensi moja:
hesabu alama za tahadhari kwenye kila kivuko cha reli,
Tanga mjini hadi Muheza.
Fomu ilikuwa na safu nne: mahali, aina, hali, maoni.
Safu ya maoni ilikuwa nyembamba kama ukucha.

Kivuko cha kwanza, nyuma ya maghala:
msalaba wa chuma, mikono myeupe,
mmoja umeliwa na chumvi hadi kwenye kiwiko.
Aina: msalaba. Hali: nusu.

Cha pili, pembetatu nyekundu,
na ndani yake garimoshi la kale likifuka moshi.
Mtoto aliyebeba madumu akaniuliza
kwa nini watu wa reli wanatangaza birika.
Nikamwambia, hiyo ni treni.
Akacheka mpaka maji yakamwagika.
"Treni naijua mimi. Haina mdomo wa kumiminia chai."

Pongwe, kwenye vumbi la saruji,
SIMAMA imefutika, imebaki SIMA.
Madereva wa malori hupita wakiuliza
leo ni kwa mboga gani.

Mbele kidogo, taa mbili za kupokezana kuwaka.
Moja haina kioo. Ya pili wamejenga nyigu,
nao, kusema kweli,
ndio pekee walionifanya nisimame.

Halafu shimo.
Aina: shimo.
Wauza chuma chakavu walipita usiku, akasema kinyozi,
na hatua mia mbele nikaikuta alama yenyewe
imefunika pipa la maji la mama mmoja, HATARI ikitazama juu.
Akanichotea kata moja. Nikanywa.
Yalikuwa baridi sana.

Mhina Semkiwa analinda lango ambalo halipo tena.
Limebaki boriti, yeye, na bendera mbili,
ya kijani imepauka hadi imekuwa kama ya njano,
basi huipeperusha na kupaza sauti: "Kijani hii!"
Nyuma ya kibao chake, kwa rangi ya mlango, ameandika:

*Garimoshi halipindi, halina pa kukupisha,*
*Nalo halina kipindi, huja bila kukumbusha,*
*Hapa hakuna ushindi, kasi haitakuvusha,*
*Simama, tega sikio, ndipo uvuke salama.*

Mbona nyuma, mzee, pasiposomwa na mtu?
"Mbele ni mali ya shirika," akajibu,
akaendelea kumenya muhogo wake.

Nilikuwa nimefika kumi na sita.
Cha kumi na saba hakikuwa kwenye orodha:
njia ya miguu tu, mkonge upande huu,
michungwa upande ule,
na katikati mlingoti wa mkonge umechomekwa,
umefungwa kanga nyekundu.
Upepo ulipoikunjua nikasoma jina lake:
SIKUZUII NAKUKUMBUSHA.

Mwantumu Kilua akatoka na beseni mkononi.
Huifua kila Ijumaa, akasema,
rangi ikififia watu hawaioni.
Huianika palepale, kwenye mlingoti,
ili njia isikae hata saa moja bila neno.
Tangu lini? Tangu asubuhi ya pikipiki.
Mwanawe wa mwisho, na nyuma yake tenga la machungwa.
"Machungwa hayakupasuka hata moja,"
akasema, kama mtu anayelalamika
kwa karani wa hesabu.

Kanga huuzwa doti.
Sikumuuliza kipande cha pili kiko wapi.

Nikakaa juu ya taruma la reli, nikafungua daftari.
Mahali: hapa.
Aina: nguo.
Hali: safi, bado mbichi kwenye pindo.
Kwenye maoni kalamu ikasimama,
ikatazama kulia,
ikatazama kushoto,
haikuvuka.