Kiti cha Somoe

Walikuja Newala msimu wa korosho,
wageni kumi na mmoja, msalaba kwenye fulana,
viti vya magurudumu vimejaa lori.
Wakamkalisha Somoe, wakaomba, wakapiga picha.
Gurudumu likazama mchangani.
Tukacheka, Somoe wa kwanza.

Siku ya tatu Heikki,
aliyetuombea kupitia mkalimani,
aling'ata korosho mbichi na ganda lake.
Midomo ikababuka, sala ikakwama.

Somoe akajiburuza kwa makalio hadi jikoni,
akarudi na kopo la mafuta ya nazi
amelibana menoni.
Akampaka taratibu, kwa kidole kimoja,
kile kinachomtii.

Jumapili Heikki hakuhubiri.
Alikaa mchangani, kando yake,
midomo inang'aa.

Kile kiti siku hizi
tunaanikia makopa.