Upande wa Kulia

Kwanza nilizima umeme, kama kitabu kilivyosema,
nikaivuta risiva kutoka kabatini
nayo ikaja na vumbi lake
na kifungo cha koti tulilokwisha kulitupa.
Nje, theluji ya Łódź ilikuwa imegeuka tope,
tramu ikakata kona ikisaga meno,
na baba, Bogumił, ameketi kwenye kiti cha jikoni
mikono magotini, kama anayesubiri kuitwa na daktari.

"Nani alikufungia hivi?"
Spika mbili, zote ukuta mmoja,
zimebanana upande wa dirisha
kama wapangaji wawili kwenye godoro moja.
"Mimi mwenyewe," akasema. "Ni zamani."
Nikacheka.
Mungu anisamehe, nilicheka.

Sikio halipiti kichwa, najua,
lakini kitabu kilikuwa mkononi mwangu.
Nyekundu kulia, nyeupe kushoto.
Nikachuna ncha za waya kwa meno,
shaba ikachomoza, laini kama nywele za mahindi.
Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi,
maana ukizikosea, nikamfundisha,
spika moja huvuta pumzi mwenzake akiitoa,
na besi hupotea katikati yao
isijulikane imechukuliwa na nani.
Akaitikia kwa kichwa.
Kinanda cha santuri kina soketi yake,
usikichomeke kwenye ya kaseti,
sauti yake ni ndogo, yataka kubebwa.
Na huu waya mwembamba wa kijani, ukiusahau,
utasikia mvumo chini ya kila wimbo,
nyuki aliyefungiwa chupani.
"Mvumo naujua," akasema.
Sikumwuliza ni upi.

Spika ya kushoto nikaipeleka kushoto,
chini ya picha ya mama,
hatua tatu kwa kipimo cha utepe,
kiti cha baba nikakivuta hadi pembe ya tatu.
Nikawasha. Nikaweka santuri ya kwaya ya kiwanda:
wanaume kulia, wazito, kama magunia yanayoshushwa,
na kushoto wanawake,
na miongoni mwao, safu ya pili, mama yangu Wiesława
mwenye umri mdogo kuliko wangu leo.
Nilifumba macho. Ningeweza kumwonyesha kwa kidole.

"Nzuri," alisema baba. "Safi kabisa.
Ahsante. Ahsante sana, umejisumbua."
Baba yangu hashukuru mara tatu.
Hapo ningejua.

Saa nane usiku nikasikia kitu kikiburutwa.
Nikamkuta na soksi zake, gizani,
ameikumbatia spika ya kushoto
kama mtoto aliyelala njiani,
anairudisha dirishani, waya ukimfuata nyuma.
Nilisimama kushoto kwake, nikaita.
Nikaita tena.

Miaka ishirini na sita
mashine za kufuma zilipangwa upande ule.
Na upande ule ule, mezani, utoto wangu wote,
kilikuwa kiti changu.
Nilimwambia habari za shule, za jino lililong'oka,
za Otylia aliyeniibia kalamu,
kisha nikawaambia watu, hata mume wangu nilimwambia,
kwamba baba ni mtu wa kununa,
humjibu anayempenda.

Nikazunguka. Nikaja kulia.
"Baba. Lete nishike huku chini."
Hakushtuka. Akanipa nusu ya uzito.
Shaba ilikuwa imechomoka, tukapiga magoti na tochi,
yeye akishika, mimi nikisokota.
"Nyekundu?"
"Nyekundu."
Kitabu kilikuwa wapi, sijui.
Tulicheza upande mmoja wa santuri, sauti ya chini,
wote wawili tumekaa tukitazama ukuta wa pembeni
kama watu wanaongoja lifti.
Aliinua kidole mara moja tu, mahali pale pale
ambapo mimi ningeinua changu.

Asubuhi nilihamisha kikombe
hadi kiti cha mama.
Tukazungumza bei ya viazi, kirefu,
na alikuwa na mengi ya kusema.